Kesi Imeahirishwa, kwa Sababu ya Nani?

Waheshimiwa mahakimu, maofisa tawala, makarani, itifaki imezingatiwa. Wengi wenu mnakwenda kushika masjala za jinai, yaani ofisi zinazotunza majalada na kupanga tarehe za kesi za jinai, kwa hiyo tuzungumze kama watu wa kazi. Muundo wetu mnaujua. Tangu Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011 hapa Tanzania, fedha, majengo na watumishi viko kwa Mtendaji wa Mahakama, na mashauri yapo kwa Msajili na manaibu wake. Hakimu mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na mtendaji wakielewana, kituo kinakwenda. Wasipoelewana, hata rimu ya karatasi huwa kesi.

Nina jambo moja la kuwaambia. Pale masjala hukuwekwa kuamua kesi. Umewekwa pale ili kila jioni uweze kusema kwa nini kesi ya leo haikusonga, na nani aliikwamisha. Usiniambie kwa jumla kwamba “mashauri ni mengi”. Nitajie hii, na ile, na ile nyingine.

Chukueni mahakama kama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam. Asubuhi karandinga la Magereza linaingia, mahabusu wanashuka, ndugu zao wamejaa nje tangu alfajiri. Hakimu anaketi. Upande wa Jamhuri, yaani mashtaka, unasimama: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Tarehe inatolewa, mahabusu anapanda gari. Dakika mbili zimetosha, na ndugu aliyetoka Mbagala amelipa nauli kwa ajili ya dakika hizo mbili.

Sheria imeliona hilo. Aliye rumande haahirishiwi kesi kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja, ndiyo maana mmezoea siku 14. Na kwa kesi ambazo mahakama ya chini ina mamlaka ya kuzisikiliza, maahirisho yakifika jumla ya siku 60, upande wa mashtaka ulete hati maalumu ya kuomba muda, la sivyo kesi isikilizwe, au mshtakiwa aachiliwe. Marekebisho ya 2022 yakaongeza kwamba mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Sasa nawauliza: nani anazihesabu hizo siku 60? Hakimu ana majalada mezani mpaka kidevuni. Anayepaswa kuzihesabu ni masjala. Karani aandike juu ya jalada, kwa kalamu inayoonekana, siku ya ngapi leo. Hakimu akilifungua, aione kabla hajakubali ombi.

Lakini tusiwatupie polisi kila kitu. Fungueni mienendo ya mwezi mmoja, yaani kumbukumbu za yaliyotokea mahakamani, msome sababu za kuahirisha. Mtakuta “shahidi hakufika”, na ukifuatilia, hati ya wito haikutoka ofisini kwetu. Mtakuta “mshtakiwa hakuletwa”, kumbe hati ya kumtoa gerezani ilipelekwa gereza la Segerea na mtu mwenyewe yuko gereza la Keko. Mtakuta “hakimu ana udhuru”. Huo udhuru ni semina iliyojulikana wiki tatu nyuma, na bado kesi zenye mashahidi wa mikoani zilipangwa siku hiyo hiyo. Hapo hakuna mpelelezi wa kulaumiwa. Ratiba ya mahakimu na orodha ya kesi zikae kwa mtu mmoja, na mtu huyo awe na namba za simu za mashahidi.

Na ile kauli ya “jalada halionekani”. Mnacheka! Kila mtu humu ndani anajua kwamba wakati mwingine jalada huonekana baada ya mtu kuingiza mkono mfukoni. Dawa yake ndogo ni daftari la kutoa na kupokea, kila jalada linalotoka rafuni lina saini ya aliyelichukua, saa na kazi anayoendea. Nyingine ni kubadilisha makarani meza. Mtu akikaa dirisha moja miaka mingi anakuwa na wateja wake.

Nikae kidogo kwenye vielelezo, vile vitu vinavyoletwa mahakamani kama ushahidi, maana hapa ndipo masjala inapoangusha kesi bila hakimu kujua. Kielelezo kikishapokewa na mahakama, kimekuwa mzigo wetu. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba mnyororo wa utunzaji wa kielelezo uonekane, nani alikikamata, nani alikipokea, kilikaa wapi. Nimeingia stoo nikakuta panga, simu, gunia la bhangi na bahasha za fedha vimerundikwa pamoja, lebo zimeliwa na panya, namba ya kesi iliyosalia ni “la 2016” tu. Bhangi ile ikipungua uzito, nani ataeleza? Fedha zisilale stoo hata usiku mmoja, ziende benki na stakabadhi ibaki kwenye jalada. Vinavyooza, mwombeni hakimu amri mapema, vipigwe picha, kumbukumbu iandikwe, viteketezwe. Ufunguo wa stoo ushikwe na mtu mmoja, na akienda likizo makabidhiano yafanyike kwa kuhesabu kitu kimoja kimoja. Kusaini tu karatasi ya makabidhiano hakutoshi.

Hukumu ikisomwa, masjala nyingi hupumua, wakati kwa mfungwa saa ndiyo kwanza inaanza. Ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi, na hapo ndipo tunapozembea, kwa kuwa hatuoni anayeumia. Aliyefungwa miaka miwili akipata nakala baada ya mwaka na nusu, rufaa yake itamsaidia nini? Kumbukumbu zikipotea kabisa, Mahakama ya juu itaagiza zitafutwe na kuundwa upya, na nyinyi ndio mtakaoapa viapo kueleza zilikwenda wapi.

Mifumo ya kielektroniki imesaidia, sitaki kusema uongo. Kusikiliza kwa video kati ya Kisutu na magereza ya Keko na Segerea, kulikoshika kasi 2020 wakati wa korona, kumepunguza safari nyingi za karandinga. Ila mfumo utakuonyesha kesi imeahirishwa, na sababu itakuwa ile ile aliyoingiza karani. Akiingiza uvivu, utasoma uvivu.

Wengi wanaokukwamisha huwaongozi. Polisi wana mkuu wao, vivyo hivyo Magereza na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Mtakutana nao kwenye kamati ya kusukuma mashauri. Ukienda na malalamiko utarudi na malalamiko. Nenda na karatasi moja: kesi namba hii inasubiri taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali tangu tarehe hii, hii inasubiri shahidi ambaye ni askari aliyehamishwa. Soma mbele ya wote, uliza lini, andika jibu, kikao kijacho anza na majibu hayo. Watu wazima hawapendi kusomewa ahadi yao mara ya pili.

La mwisho ni dhamana ya Ijumaa. Hakimu ametoa masharti saa tano asubuhi. Wadhamini wamefika na barua za serikali ya mtaa na vitambulisho vya Taifa. Karani anayehakiki amekwenda kula, akirudi muhuri umefungiwa, saa tisa karandinga linaondoka. Mtu aliyepewa dhamana na mahakama analala gerezani mpaka Jumatatu, na kwenye takwimu zetu anaonekana amedhaminiwa. Kwa hiyo Ijumaa wekeni makarani wawili wa dhamana, wapokezane kula, na mmoja asitoke mpaka ampigie hakimu simu kumwambia nani amebaki na kwa nini. Namba ya ofisa wa mapokezi wa gereza iwe ukutani.

Sasa niulizeni.