Miaka ya Sabini Isisomwe Kuanzia Mwisho

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa kuzungumzia maisha ya mashoga wa Marekani kabla ya UKIMWI, na kila ninapoyazungumza, sijafika hata 1970, mkono unanyooshwa na swali ni la ugonjwa. Leo naomba mikono ikae chini kwanza. Taarifa ya kwanza, ya wanaume watano wa Los Angeles, ilichapishwa tarehe 5 Juni 1981. Kijana aliyecheza disko New York mwaka 1975 hakujua kitu, wala daktari wake hakujua. Tumhukumu kwa aliyoyajua yeye.

Stonewall, baa ya New York ambako mwaka 1969 mashoga waliwapinga polisi waliowavamia, mnaijua, siirudii. Kumbukeni tu yaliyokuwapo kabla yake. Mwaka 1966 wanaume wachache wa Mattachine, chama cha kutetea mashoga, waliingia Julius', baa ya mtaa wa Greenwich Village, New York, wakasema wazi kwamba wao ni mashoga, wakaagiza kinywaji. Mhudumu akaifunika glasi kwa kiganja. Baa iliyowauzia ilihatarisha leseni yake, ndiyo maana biashara hiyo iliangukia mikononi mwa mafia. Illinois ilikuwa jimbo la kwanza kuacha kuwafunga, sheria yake ikaanza kutumika 1962. New York ilingoja hadi 1980. Kwa hiyo karibu miaka yote ya sabini, watu tunaowaita huru walikuwa wahalifu kisheria, na hadi Desemba 1973 chama cha madaktari wa akili kiliwahesabu kuwa wagonjwa.

Uhuru wao ulikuwa pia uhuru wa ngono, na sitauficha ili niwapendeze wenye haya. Continental Baths ilifunguliwa New York 1968, chini ya jengo la Ansonia: bafu za mvuke, bwawa, vyumba vya faragha, na jukwaa ambapo Bette Midler aliwaimbia wanaume waliojifunga taulo, Barry Manilow kwenye piano. Wengi walilala na wengi. Mtu aliyekua akijua kwamba kumshika mkono mwenzake ni kesi ya polisi, siku anapomshika bila kutazama nyuma, kitu kikubwa kimetokea maishani mwake. Sioni kwa nini nimwombee radhi.

“Hawakuogopa magonjwa?” Waliogopa kama kizazi chao chote kilivyoogopa, yaani kidogo. Kaswende na kisonono zilipona kwa penisilini. Wanaume na wanawake waliopendana walikuwa na vidonge vya kuzuia mimba tangu 1960, nao hawakukaa wakingoja ndoa. Mbona wao hatuwaulizi?

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, maana sehemu hii haisimuliwi. Kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao penisilini haikuuweza: homa ya ini aina ya B. Uliwapata mashoga wa mijini kwa wingi kuliko watu wengine. Walifanya nini? Walikuwa wameshaanza kujijengea zahanati zao, kama Howard Brown ya Chicago iliyoanza 1974, ambako mgonjwa aliweza kusema alilala na nani bila kudharauliwa. Daktari Wolf Szmuness wa kituo cha damu cha New York, Myahudi wa Poland ambaye jamaa zake waliuawa na Wanazi, alipohitaji watu wa kujaribia chanjo, aliwaendea hao. Mwaka 1978 wanaume 1,083 walijitolea. Nusu walidungwa chanjo, nusu sindano isiyo na dawa, na hakuna aliyejua yuko upande gani. Sindano tatu ndani ya miezi sita, kisha kutolewa damu tena na tena. Matokeo yalitoka 1980: chanjo ilizuia maambukizi kwa zaidi ya asilimia 90.

Ukienda nyumbani, fungua kadi ya kliniki ya mwanao. Zile sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina kinga ya homa ya ini ndani yake. Chanjo ya leo hutengenezwa kwa njia nyingine, lakini waliothibitisha kwamba kinga inawezekana ni wanaume hao, wa disko hizo na bafu hizo. Yako wapi maandishi yanayowashukuru?

Badala ya shukrani tumepata uvumi, nao najua umo humu ukumbini: kwamba chanjo hiyo ndiyo iliyoleta UKIMWI. Haiwezekani. Virusi vya UKIMWI vimepatikana kwenye damu iliyotolewa Kinshasa mwaka 1959. Na damu ya wanaume wa tafiti za homa ya ini ilihifadhiwa. Wanasayansi walipoichunguza upya na kutoa matokeo 2016, waliona virusi vilifika New York karibu 1970, miaka kama minane kabla ya sindano ya kwanza. Utafiti huohuo ulimwondolea lawama mhudumu wa ndege wa Canada aliyesingiziwa miaka mingi kwamba ndiye aliyeuingiza ugonjwa Marekani.

Anayesema ilikuwa adhabu ya disko za New York, aende Bukoba akawaeleze. Kagera wagonjwa waligunduliwa 1983, watu wakauita ugonjwa Juliana, na waliozikwa walikuwa waume na wake zao.

Naona mwenyekiti ananyanyua karatasi. Basi naruka Harvey Milk, mwanasiasa shoga wa San Francisco, na mtaa wake wa Castro, naruka wanawake wasagaji, ambao wanastahili mhadhara wao. Lakini Paradise Garage, disko ya New York, siiruki. Ilifunguliwa 1977 katika gereji ya magari, mtaa wa King, Larry Levan akipiga santuri, na waliojaa pale wengi wao walikuwa mashoga Weusi na Walatino, wakati baa za wazungu ziliwadai Weusi vitambulisho viwili vitatu mlangoni. Aprili 1982, ugonjwa umeshaingia na serikali ikiwa kimya, Gay Men's Health Crisis, chama kipya cha kusaidia wagonjwa, kilifanya harambee yake humo, kwenye sakafu ileile ya kuchezea. Mwezi uliofuata kikafungua laini ya simu kwa wenye hofu na wagonjwa, ikiwa ni mashine ya kurekodi nyumbani kwa mmoja wao. Usiku wa kwanza walipiga watu zaidi ya mia.