Bima ya Afya kwa Asiye na Hati ya Mshahara

Mabibi na mabwana, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, ilipoipisha SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, hapa Kenya, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Wa 50,000 anatoa 1,375, wa 100,000 anatoa 2,750. Mwajiri anakata, kazi imeisha. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini wako nje ya ajira rasmi, na hapo ndipo mageuzi haya yanakwama.

Mwendesha bodaboda haulizwi kipato chake moja kwa moja. Anaulizwa ukuta na paa la nyumba, choo, maji, taa, kisha mfumo unakisia kipato chake na kumpangia mchango. Ukadiriaji wa namna hii una kasoro inayojulikana: huwavuta watu wote kuelekea wastani. Fukara hukadiriwa juu ya uwezo wake, tajiri chini. Tena nyumba haisemi kama msimu huu mvua ilinyesha.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ratiba. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, takriban 10 kwa siku, na mama mboga anaziweza. Asichoweza ni kutoa 3,600 za mwaka mzima kwa mkupuo, kama anavyotakiwa, maana fedha hizo ndizo mtaji wake wa sokoni. Mikopo ya kulipia mchango imeletwa, lakini inamwongezea deni mtu ambaye tatizo lake ni mzunguko wa fedha.

Basi anasubiri. Zahanati na kituo cha afya hulipiwa na kodi, kwa hiyo anatibiwa. Siku mjamzito anapopewa rufaa ya upasuaji, familia inachangishana na kulipa mwaka mzima. Mfuko umepokea 3,600, hospitali inadai 30,000. Wakilipa wagonjwa peke yao, hakuna hesabu itakayosimama.

Mchango upokewe kwa wiki au kwa msimu. Vyama vya ushirika vya maziwa na chai vikate wakati wa malipo, chama cha bodaboda kikusanye kwa simu. Aliyekosa wiki chache apewe muda wa kufidia, asifungiwe mlango. Asiye na uwezo kabisa alipiwe na Hazina, na orodha yake ibandikwe kwa chifu ili majirani waweze kuipinga kabla haijaidhinishwa.