Ada Hegerberg, na Daftari la Michango

SAIDA: Karibuni jamani. Ni sisi wale wale. Mimi Saida, na pembeni yangu Mussa, ambaye leo kafika mapema, kwa hiyo kuna jambo.

MUSSA: Lipo. Kabla hatujagusa mpira, waambie wasikilizaji ulichofanya Jumanne.

SAIDA: Sijafanya kitu.

MUSSA: Amejitoa kwenye kamati ya harusi. Harusi ya mtoto wa baba yake mdogo, jamani! Na alikuwa mweka hazina.

SAIDA: Nimejitoa, ndiyo. Kila kikao nasoma michango, nasoma ahadi, hakuna anayesikiliza. Wanaume wamekaa upande wao wanajadili gari la bwana harusi. Nikiuliza mbona ukumbi umelipiwa bila mimi kujua, naambiwa "hilo tutaliongea nje ya kikao." Nje wapi? Barabarani? Nikaandika kwenye grupu: nawashukuru, nawatakia maandalizi mema, mimi naishia hapa.

MUSSA: Akatoka grupu usiku. Asubuhi shangazi anaamka, mweka hazina hayupo.

SAIDA: Na ndiyo maana nikasema leo tumzungumzie Ada Hegerberg, mshambuliaji wa Norwe. Mtu aliyeiambia timu yake ya taifa basi, akamaanisha.

MUSSA: Sawa. Ila swali dogo, dada yangu. Daftari la michango liko wapi?

SAIDA: Lipo.

MUSSA: Lipo wapi?

SAIDA: Kwangu. Tuendelee.

MUSSA: Wasikilizaji, mmesikia. Amejitoa na daftari.

SAIDA: Ada amezaliwa Molde, Norwe, mwaka 1995, akakulia Sunndalsøra, mji mdogo wenye kiwanda cha alumini, milima imeubana kila upande. Baba kocha, mama kocha. Dada yake, Andrine, naye mchezaji. Kwa hiyo chakula cha jioni pale nyumbani nadhani kilikuwa kikao cha ufundi. Ana miaka 16 tu, yuko klabu ya Kolbotn, anafunga magoli matatu kwenye mechi moja ya ligi kuu. 2012 yuko klabu ya Stabæk, fainali ya Kombe la Norwe, matatu tena. Mwaka uliofuata Ujerumani, Turbine Potsdam. 2014 Lyon, Ufaransa.

MUSSA: Hapo Lyon nakupa heshima zote. Ligi ya Mabingwa 2016, 2017, 2018, 2019, 2020. Mfululizo! Halafu tena 2022. Ingawa 2020 alikuwa majeruhi.

SAIDA: Wewe uliiona ile fainali ya 2019? Budapest, na Barcelona?

MUSSA: Niliiona. Dakika ya 14, ya 19, ya 30. Watu bado wanatafuta viti vyao, mtu kashamaliza kazi. Na kilichonifurahisha hakuna goli la maringo pale. Yule si mtu wa kupiga chenga wanne. Krosi inakuja, beki anaangalia mpira, yeye anaangalia nafasi. Ukiona goli la Ada unasema hata mimi ningefunga. Hapo ndipo anapokudanganya, maana usingefika pale.

SAIDA: Namba tisa wa kweli, mshambuliaji wa kati.

MUSSA: Oktoba mwaka huo akaivuka rekodi ya Mjerumani Anja Mittag, magoli 51, akawa mfungaji bora wa muda wote wa Ligi ya Mabingwa ya wanawake. Ana miaka 24! Sasa mtu wa namna hiyo, Kombe la Dunia la 2019 linachezwa Ufaransa, nchi anayofanyia kazi, fainali ipo Lyon, uwanja wa klabu yake. Yeye hayupo. Hapo ndipo mimi na wewe tunaachana.

SAIDA: Tuachane vizuri basi. Anza mwanzo. 2017, mashindano ya Ulaya kule Uholanzi, Norwe wamepoteza mechi zote tatu za kundi, goli hata moja hawana. Agosti Ada akasema haitumikii tena timu ya taifa. Hakuondoka kwa sababu ya pesa. Alikuwa akieleza maandalizi, namna soka la wanawake linavyochukuliwa na chama cha soka cha Norwe, kwamba kambini akiingia anatoka amevunjika moyo. Baadaye alisimulia kuwa hata ndoto mbaya alikuwa anaota.

MUSSA: Na Oktoba hiyo hiyo chama kikakubaliana na wachezaji malipo sawa. Wanaume wakatoa kroner 550,000 kwenye fungu lao la matangazo, la wanawake likapanda kutoka milioni 3.1 hadi milioni 6. Chama kipi kingine duniani wakati huo? Sasa mwenzangu, si arudi?

SAIDA: Nimekwambia haikuwa pesa! Mtu analalamika nyumba inavuja, unamwongezea posho.

MUSSA: Basi angebaki atengeneze paa. Wenzake walibaki. Maren Mjelde alibaki, Caroline Graham Hansen alibaki, wakafika robo fainali 2019 bila yeye. Wakaitoa Australia kwa penati. Hawakulala na ndoto mbaya wale?

SAIDA: Wale ni wale. Na robo fainali walipigwa tatu na Uingereza, kwa hiyo namba tisa alikuwa anahitajika.

MUSSA: Asante! Alikuwa anahitajika. Umesema mwenyewe.

SAIDA: Usinigeuzie maneno. Anayehitajika ndiye mwenye nguvu ya kukataa. Mchezaji wa benchi akijitoa nani atamuuliza kwa nini?

MUSSA: Jezi ya taifa si ya chama, Saida. Chama kinapita. Mimi ukiniita Twiga Stars...

SAIDA: Nani akuite Twiga Stars, timu ya wanawake?

MUSSA: Mfano! Msichana amekua anaota hiyo jezi. Haukatai wito kwa sababu mwenyekiti hana adabu.

SAIDA: Unamzungumzia Ada au unanizungumzia mimi?

MUSSA: Wote wawili. Ila Ada, kwa nijuavyo, hakuondoka na daftari.

SAIDA: Jamani.

MUSSA: Hapana, nisikilize, hili ni la msingi. Kujitoa kuna utaratibu. Unakabidhi. Kiasi hiki kimeingia, ahadi hizi bado, mpishi kapewa kiasi hiki. Sahihi. Hapo nitakuita shujaa. Lakini umetoka na wamebaki gizani. Leo hii mtu akimtumia bwana harusi laki moja, nani anaandika?

SAIDA: Waandike kwenye lile gari walilokuwa wanalijadili.

MUSSA: Unaona? Hiyo si msimamo, hiyo ni hasira.

SAIDA: Na ningewakabidhi wangesoma? Mara ya mwisho daftari lilizunguka meza, likarudi kwangu na doa la mchuzi. Ukurasa wa ahadi hauonekani! Mjomba kaahidi ama elfu hamsini ama laki tano, Mungu ndiye anajua.

MUSSA: Laki tano. Andika laki tano.

SAIDA: Ndiyo hivyo mnavyoendesha kamati.

MUSSA: Na mwenyekiti kanitumia ujumbe asubuhi. Anauliza kama tunarekodi leo nikuombe... nisome?

SAIDA: Usisome.

MUSSA: "Kijana wangu, mwambie dada yako hatuna ugomvi, daftari tu."

SAIDA: Daftari tu! Si "rudi", si "tulikukosea". Hapo ndipo ninapomwelewa Ada. Watu wanataka magoli yako, wewe mwenyewe hawakuulizi hali.

MUSSA: Mbona 2022 alirudi sasa?

SAIDA: Kwa sababu waliobadilika ni watu. Machi 2022 Lise Klaveness amechaguliwa rais wa chama, mwanamke wa kwanza, mwenyewe aliichezea Norwe. Wiki hazijapita nyingi, Ada kaitwa, Aprili kaifunga Kosovo matatu. Na anatoka wapi? Januari 2020 kano ya goti la kulia imekatika. Anajiuguza, unakuja ufa kwenye mfupa wa muundi, mguu wa pili. Karudi uwanjani Oktoba 2021. Mtu kama huyo unamwambia hana uvumilivu?

MUSSA: Uvumilivu anao. Sijasema hana. Nasema miaka mitano ya taifa imeenda. Umri wa 22 hadi 26 wa mshambuliaji bora duniani. Klaveness angemkuta ndani, wangetengeneza pamoja.

SAIDA: Au angemkuta amekwisha.

MUSSA: Hilo hulijui.

SAIDA: Na wewe hulijui.

MUSSA: Na aliporudi? Julai 2022, Brighton, Uingereza nane, Norwe bila. Nane!

SAIDA: Alikuwa golini?

MUSSA: Nasema tu. 2023, Kombe la Dunia kule New Zealand, mechi ya pili, wimbo wa taifa umeimbwa, anatoka uwanjani kabla ya kipyenga, nyonga imegoma. 2025, mashindano ya Ulaya, ni nahodha. Mechi na Uswisi kafunga goli, ila penati kakosa. Robo fainali na Italia, penati kakosa tena.

SAIDA: Na dakika chache baadaye akasawazisha! Mbona hilo unalimeza? Umekosa mbele ya dunia nzima, bado unaenda kusimama kwenye boksi unaomba mpira.

MUSSA: Girelli wa Italia akafunga la pili lao dakika ya 90, Norwe wakaenda nyumbani. Mimi ningempa mtu mwingine ile penati.

SAIDA: Nahodha, mfungaji wako bora, unampokonya mpira?

MUSSA: Ndiyo. Kakosa ya kwanza, ya pili apige mwingine.

SAIDA: Sikubaliani hata kidogo.

MUSSA: Sijakuomba ukubali.

SAIDA: Haya, na hatujagusa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Desemba 2018, Paris, ya kwanza kabisa kutolewa kwa mwanamke, na yule DJ wa sherehe akamuuliza kama anajua kukata kiuno...

MUSSA: Tulisema hatumpi yule DJ muda wetu.

SAIDA: Hatumpi. Nilitaka kusema hotuba yake ilikuwa kuwaambia wasichana wadogo wajiamini, na kesho yake habari zote ni za kiuno. Basi. Fundi mitambo ananionyesha mkono, watu wa kwaya wako mlangoni wanataka studio. Na nilikuwa nimeandika mambo matatu ya kujifunza kutoka kwake!

MUSSA: Soma la kwanza.

SAIDA: La kwanza lina vipengele.

MUSSA: Achana nalo. Wiki ijayo?

SAIDA: Wiki ijayo tuna mgeni. Tuandikieni kuhusu ile penati ya Italia: apige Ada, au mwingine?

MUSSA: Mwingine.

SAIDA: Hujaulizwa wewe. Kwaherini.