Kila Ndoo na Kikopo Chake

Asanteni kwa makaribisho. Naona baadhi yenu mlishanisikia, maana mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Mnajua nitakachosema. Nitakisema tena, kwa sababu kila ninapofunguliwa mlango wa chumba cha pampu cha bwawa la kuogelea nakuta jambo lile lile: ndoo mbili za klorini zimekaa bega kwa bega, na juu ya mfuniko wa mojawapo kuna kikopo cha kuchotea. Kimoja.

Namuuliza mhudumu, hiki ni cha ndoo ipi? Ananiangalia kama vile nimeuliza swali la kitoto. "Cha zote. Si klorini tu?"

Basi shida yote iko hapo. Ile ya chengachenga nyeupe, mnayoimwaga bwawani maji yakianza kubadilika rangi, ni kalsiamu haipokloraiti. Nguvu yake ya klorini ni kati ya asilimia 65 na 70. Ile ya vidonge vikubwa vinavyoyeyuka taratibu ni trikloro, ambayo nguvu yake inakaribia asilimia 90. Zote nyeupe, zote zinanuka klorini, ndoo zake zinafanana mpaka vibandiko vinafanana. Lakini kikemia ni mahasimu. Zikikutana bwawani hakuna neno. Zikikutana ndani ya ndoo, pakapata unyevu kidogo tu, zinapandishana joto, zinatoa gesi ya sumu, zinaweza kuwaka na zinaweza kulipuka. Na katika vurugu hiyo hupatikana naitrojeni trikloraidi, kitu kisichosubiri kiberiti. Mtikisiko unakitosha.

Unyevu huo unatoka wapi, mtaniuliza, na sisi tunafunika? Unatoka kwenye kikopo. Siku moja niliomba nikitazame vizuri kikopo cha namna hiyo. Kilikuwa chupa ya maji iliyokatwa katikati kwa kisu, kingo zake zimepinda. Ndani, kwenye mikunjo ya kitako, kulikuwa na ukoko uliogandamana: tabaka la unga mweupe, juu yake vipande vya vidonge vilivyosagika, na pembeni tone la maji limekaa kwa raha zake. Mhudumu alikuwa amekisuuza asubuhi. Alikuwa mtu msafi, Mungu ambariki, na usafi wenyewe ndio uliokuwa unaleta hatari. Kikopo cha klorini hakioshwi kikarudishwa kibichi. Kinakauka kabisa kwanza, ndipo kinaingia kwenye ndoo yake, ile ile, siku zote. Andika juu yake kwa kalamu isiyofutika. Kipake rangi kama unapenda. Ndoo tatu, vikopo vitatu, na kila kimoja cha plastiki.

Najua kuna anayesema moyoni: mbona bwawani tunaziweka zote na hatujalipuka? Swali zuri, na nimechoka kulijibu, lakini nalijibu. Bwawani klorini inahesabiwa kwa miligramu 1 hadi 3 kwenye lita nzima ya maji. Ndoo yako haina maji, ina klorini tupu. Uwingi wa maji ndio unaokulinda, kwa hiyo ukiyeyusha dawa kwenye ndoo, maji yatangulie, dawa ifuate. Usimimine maji juu ya dawa kamwe. Ukimimina, yale matone ya kwanza yanakutana na rundo zima la dawa, na joto lote linabaki pale pale.

Ndugu yake kikopo ni kile chombo cha kulishia vidonge kilichofungwa kwenye bomba. Vidonge vimeisha, wageni wanakuja kuogelea, fundi anasema tujazie chenga kwa leo. La, hapana! Mle ndani kumebaki masalia ya trikloro, yamelowa, na mfuniko umekazwa. Umetengeneza bomu na umelifunga mwenyewe kwa mkono. Chombo cha trikloro ni cha trikloro mpaka kinatupwa.

Mnaogopa asidi, na ni haki yenu kuiogopa. Asidi ya kushushia pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ikikutana na klorini ya aina yoyote, iwe ya maji, ya chenga au ya vidonge, gesi ya klorini inatoka papo hapo. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa karibu mara 2 na nusu, kwa hiyo inatambaa chini, inajaa kwenye shimo la pampu, pale pale fundi anapoinama. Hilo mnalijua, ndiyo maana nyote mmetenga asidi kona yake. Nawapongeza. Ila dumu la asidi hata likifungwa linatoa mvuke, na mvuke haujui kona. Asidi inataka chumba chake, au kabati lake nje kwenye kivuli. Na kama huna nafasi kabisa, basi angalau kitu cha maji kisikae juu ya kitu cha unga. Rafu ya juu unga, rafu ya chini madumu. Dumu likivuja, livujie sakafuni.

Ngoja nirudi kwenye maji, maana bado kuna watu wanadhani klorini huhitaji moto ili iwake. Tarehe 27 Agosti 2020, kimbunga Laura kiliezua majengo ya kiwanda cha kemikali za mabwawa huko Westlake, jimbo la Louisiana, Marekani. Hakuna aliyewasha kitu. Mvua iliingia, ikakutana na trikloro iliyokuwa imehifadhiwa, ikapata joto, ikaoza, ikatoa gesi, ukazuka moto. Barabara kuu iliyo jirani ikafungwa kwa zaidi ya siku nzima. Sasa wewe unaniambia bati la stoo yako linavuja kidogo tu, na ndoo umeiweka pembeni isidondokewe. Ziba bati! Na ndoo isikae sakafuni, iinuliwe juu ya kichanja cha plastiki. Cha mbao nakikataa, kwa sababu mbao ni chakula cha moto na klorini ndiyo mpishi.

Kwa maana hiyo hiyo, chenga hazikai na mafuta ya mashine ya kukatia nyasi, wala petroli, rangi, mbolea, matambara, au ile mifuko mitupu mnayosema mtaitumia siku moja. Mafuta ya breki yakimwagikia kalsiamu haipokloraiti, subiri kidogo, yatawaka yenyewe.

Chumba cha pampu nacho sikipendi, na wenye mabwawa hawapendi nikisema hivyo kwa sababu ndicho chumba walicho nacho. Kina joto, kina maji, kina umeme. Ukitaka kujua kama hewa yake imeharibika, usinuse. Angalia nati za pampu na vichwa vya skrubu kwenye boksi la swichi. Kama zimevaa kutu ya kahawia na nyaya za shaba zimeota ukijani, vidonge vyako vinapumua mle ndani usiku kucha. Unapoteza dawa na mota kwa pamoja. Stoo nzuri ni ndogo, kavu, ina kivuli, ina matundu ya hewa chini na juu, ina kufuli, na watoto hawajui ufunguo uko wapi.

Muda unanikimbia na bado sijagusa nguvu ya dawa, ambayo najua ndiyo iliyowaleta wengine hapa. Nitakwenda haraka.

Klorini ya maji, ile ya asilimia 10 hadi 12 na kidogo, inaoza tangu siku inapotoka kiwandani. Jua linaiua, joto linaiua zaidi: kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, kasi ya kuharibika hupanda mara 3 hadi 4. Kadiri ilivyo kali, ndivyo inavyopungua haraka. Kwa hiyo anayenunua madumu ya miezi sita kwa sababu ya punguzo la bei ananunua maji ya chumvi kwa awamu. Nunua ya wiki chache, andika tarehe kwa herufi kubwa, na la zamani litangulie kutumika. Mfuniko uwe ule wenye tundu la kupumulia uliokuja nao, kwa sababu dumu linatoa oksijeni, na ukilibana kabisa litavimba. Usiihamishie kwenye ndoo ya chuma wala kuchotea kopo la shaba: metali huharakisha kuoza. Na kuihamishia kwenye chupa ya kinywaji, hilo sitalijadili na mtu mzima.

Unga na vidonge hudumu zaidi, vikikaa pakavu. Chenga zikianza kushikana mabonge, maji yameshaingia. Usiyapige mabonge kwa nyundo.

Kizima moto. Nendeni mkasome kibandiko. Vingi vilivyotundikwa kwenye vyumba vya pampu ni vya unga wenye chumvi za amonia, na amonia na klorini ni balaa jingine. Moto wa klorini unataka maji, mengi sana, kwa mbali, na kama huna mengi sana, toka nje, simama upande upepo unakotokea, uwaite zimamoto uwaambie ni kemikali gani. Tena uwaambie mapema, kabla hawajashuka kwenye gari.

Dawa iliyoharibika haiendi kwenye pipa la taka. Mle kuna maganda, karatasi na mafuta ya jikoni. Wapigie waliokuuzia au wanaokusanya taka hatari.

Nilitaka kuzungumzia pH, maana wengi mnalaumu stoo wakati maji yako kwenye 8 na sehemu kubwa ya klorini yenu imelala tu haifanyi kazi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Wewe dada wa mstari wa tatu, na tafadhali usiniulize kama unaweza kukiosha kikopo ukakitumia kwa zote.