Taulo halikudondoka: rufaa ya Nanavati

ZUHURA: Karibuni tena. Msikilizaji katuuliza: mtu kahukumiwa kwa mauaji, rufaa inaishushaje hukumu hadi kosa dogo? Wakili Baraka, naona leo unatupeleka India.

BARAKA: Bombay, dada. Tarehe 27 Aprili 1959, mke wa Kamanda Nanavati wa jeshi la majini anamwambia mumewe kwamba ana uhusiano na rafiki yao, Prem Ahuja. Jamaa anaipeleka familia sinema.

ZUHURA: Ngoja. Kaambiwa hayo, halafu anawapeleka sinema?

BARAKA: Na hapo ndipo rufaa ilipomponyoka. Akawaacha pale, akaenda melini kwake, akachukua bastola na risasi 6 kwa kisingizio cha safari ya usiku. Akapitia ofisini kwa Ahuja, hakumkuta, akamfuata nyumbani. Risasi tatu.

ZUHURA: Juri, wale raia wanaoamua kesi, ikamwachia.

BARAKA: Wanane kwa mmoja! Jaji akaukataa uamuzi huo, Mahakama Kuu ikamtia hatiani: kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu, Nanavati akaja na hoja mbili. Kwanza, tuligombania bastola, ikafyatuka. Pili, kama hamuamini hilo, basi nitoeni kifungu cha 302 cha kanuni ya adhabu ya India, mauaji, mnipeleke 304, kuua kusikofikia mauaji, maana nilighadhibishwa vikali na ghafla.

ZUHURA: Mke kakuambia ana mtu. Kama hiyo si ghadhabu, basi sijui.

BARAKA: Ghadhabu ipo, lakini majaji wakatazama saa. Katoka nyumbani saa 7:30 mchana, Ahuja kapigwa risasi saa 10:20. Katikati hapo kaendesha gari, kadanganya ili apewe silaha, kaulizia mtu ofisini. Hiyo "ghafla" iko wapi?

ZUHURA: Na kule kugombania?

BARAKA: Ahuja alikuwa ametoka kuoga, taulo kiunoni. Kafa, taulo liko palepale. Watu wawili wanavutana bastola, taulo lisidondoke?

ZUHURA: (anacheka) Samahani.

BARAKA: Usicheke, mtu kafa. Rufaa ikatupwa Novemba 1961.

ZUHURA: Sasa ile inayoshuka ikoje?

BARAKA: Ugomvi umezuka hapohapo, hakuna aliyepanga. Mtu kaokota gongo lililokuwa chini, kapiga pigo moja, mwenzake alipoanguka hakumwongeza. Huyo ana pa kushika, maana 302 ni kifo au kifungo cha maisha, na 304 inaweza kuwa miaka 10 au pungufu. Siku hizi namba ni 103 na 105, sheria mpya ilianza Julai 2024.

ZUHURA: Unazungumza kama vile ni sheria ya kwenu.

BARAKA: Ilikuwa yetu! Kenya na Tanganyika tulitumia kanuni hiyohiyo ya adhabu ya India hadi 1930.

ZUHURA: Na kamanda? Alifia jela?

BARAKA: Wapi! Gavana wa Maharashtra, jimbo lenye Bombay, Vijaya Lakshmi Pandit, alimsamehe 1964. Akahamia Kanada. Hukumu yenyewe ya mauaji haikushuka hata hatua moja.