Pampu ya joto: tumwambieje mteja wa Tukuza, umeme wa kulipia kabla

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa shirika la umeme.

Nianze na kisima. Sote tumewahi kuteka maji alfajiri ya kipupwe yakawa vuguvugu mkononi, na adhuhuri ya kaskazi kisima hichohicho kikatupa maji baridi. Ardhi haifuati hewa. Mita chache chini ya Unguja joto hukaa karibu nyuzi 26 au 27 mwaka mzima. Nchi za baridi ardhi ni kama nyuzi 10, na pampu ya joto huvuta hata hilo joto dogo kwa mabomba ya ardhini ikaliingiza nyumbani, kama friji linavyotoa joto ndani na kulimwaga nyuma. Tieni mkono nyuma ya friji mkirudi, mtalihisi.

Nisiwadanganye: kwa kupoza chumba, ardhi yetu haipishani sana na hewa, na kuchimba jiwe la matumbawe ni ghali. Faida yetu iko kwenye maji ya moto, khasa mahotelini Nungwi na Paje. Kupasha maji lita 100 kutoka nyuzi 27 hadi 55, hita ya koili hula yuniti 3 na robo. Pampu inayotoa joto mara tatu ya umeme wake hutaka yuniti moja na kidogo, na ubaridi wake unaweza kupelekwa jikoni.

Mteja msimpe mchoro wa mabomba. Mama mwenye nyumba ya wageni anahesabu yuniti, basi mwambieni zitambakia ngapi. Kizuizi chake ni fedha za mwanzo. Marekani, baadhi ya vyama vya ushirika vya umeme vijijini vilitia mabomba kwa fedha zao, mteja akalipa polepole kwenye bili. Framingham, Massachusetts, kampuni ya Eversource mwaka 2024 iliwasha mtandao wa mabomba ya ardhini kwa mtaa mzima. Sisi tukate kidogo kila anaponunua umeme, na makato yasizidi anachookoa. Yakizidi, tumemdhulumu.

Shirika nalo linafaidi. Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba. Nani amesahau giza la mwezi mzima 2008, na lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009? Kila koili inayozimwa jioni inaacha nafasi kwenye waya ule.

Anzeni na hoteli moja. Risiti za kabla na za baada zibandikwe mapokezi, na mfua nguo aeleze mwenyewe. Fundi awe wa hapahapa, namba yake juu ya mashine. Ikilala wiki mbili bila fundi, Nungwi nzima itajua.