Fadhila Hupatikana kwa Mazoezi

Wapendwa, hili nimelisema mara nyingi na sitachoka kulirudia: fadhila, yaani tabia njema ya moyo kama subira, hupatikana kwa mazoezi. Tunaomba, "Bwana, nipe subira," tukitoka kanisani mtu wa kwanza kutukatiza maneno tunamfokea. Yule aliyetukatiza ndiye aliyekuwa jibu la sala! Ulitaka ujifunze subira wapi, mahali pasipo na watu?

Mnamfahamu Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Aliingia monasteri ya watawa wa shirika la Wakarmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafia humo mwaka 1897. Kuna masimulizi yake ambayo ningependa kila Mkristo ayajue. Wakati wa tafakari ya jioni, nyuma yake alikaa sista mmoja aliyekuwa akitoa kimlio fulani mfululizo. Theresia alikuwa na masikio mepesi. Kile kimlio kilimtesa hata akatokwa jasho. Angegeuka tu akamtazama, yule sista angeacha. Hakugeuka. Alianza kwa kuvumilia, kisha akaona kuvumilia peke yake hakutoshi, akajilazimisha kukisikiliza kwa makini kana kwamba ni muziki mzuri, na muziki huo akamtolea Yesu. Tafakari yake yote ikawa hiyo! Na kwenye kufua, sista mwingine alimrushia maji machafu usoni. Alitamani arudi nyuma, ajipanguse, ili mwenzake aone. Akabaki palepale.

Mtaniambia hayo ni mambo madogo. Ndiyo, madogo! Mwaka 1997 Kanisa likamtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake ni ya kufuatwa na Kanisa lote, mwanamke huyu wa mambo madogo. Wewe unangoja kufia dini, na kumjibu mwenzi wako kwa sauti ya chini huwezi?

Kuna ndugu hapa anataka kuniuliza, "Na neema je? Si unatufundisha kujiokoa kwa nguvu zetu?" Hapana. Paulo anasema alifanya kazi kupita mitume wote, na papo hapo anasema si yeye, ni neema ya Mungu iliyo pamoja naye. Ni yeye pia anayemwambia Timotheo ajizoeze utauwa, yaani kumcha Mungu. Neema haikumfanya Paulo akae kitako. Naomba tuache kuitumia kama mto wa kulalia.

Sasa, njia. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wayesuiti, katika mazoezi yake ya kiroho yaliyoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548, anataka uchukue kasoro moja. Moja, ndugu zangu! Asubuhi unaazimia kuiepuka. Kila ukianguka, unaweka mkono kifuani. Baada ya chakula cha mchana, na tena baada ya chakula cha jioni, unapitia saa moja baada ya nyingine na kutia alama kwenye mstari kwa kila anguko. Unalinganisha mchana na jioni, leo na jana, wiki hii na iliyopita. Wengi wetu tunaungama hasira ileile mwaka hadi mwaka, na hata siku moja hatujawahi kuhesabu.

Unyenyekevu na kiasi nilivipangia nafasi, ila muda umenitupa mkono; njia ni ileile.

Kama hujui uanze na kasoro ipi, usijiulize mwenyewe, utachagua iliyo nyepesi. Waulize unaoishi nao nyumbani. Nao wakikujibu, usijitetee.